Majina Mlangoni

Katika karakana moja ndogo ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, mlango wa Datsun 1200 ya mashindano umesimamishwa ukutani kama picha ya babu. Gari lenyewe lilikwisha kitambo. Mlango ulibaki kwa sababu ya majina yake. Juu ya kitasa pameandikwa duka la spea, chini yake fundi wa radieta, kisha muuza matairi, na karibu na bawaba, kwa herufi za manjano zilizobanana, mwoka mikate aliyewapa madereva chakula cha njiani. Kampuni kubwa haimo hata moja. Mzee aliyeyaandika majina hayo, ambaye vijana wa mtaa humwita Ami, huupangusa mlango kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini.

Ami hakuanzia kwenye magari. Miaka ya 1960, akiwa kijana, alikuwa mbeba makopo ya rangi wa fundi aliyeandika majina ya majahazi Bandari ya Kale. Ubao wa tezi umepinda, na jina lililonyooka likiwa karibu huonekana limelegea ukilitazama kutoka chombo kingine. Hapo ndipo alipojifunza kurudi nyuma hatua ishirini kila baada ya herufi mbili. Darasa lake la pili lilikuwa maduka ya leso ya Mtaa wa Biashara. Jina la leso huandikwa kwa herufi kubwa, zisizo na madoido, ili lisomeke mvaaji akipita zake. Gari la mashindano nalo hupita, tena kwa kasi zaidi.

Wakati huo desturi ya kuandika wadhamini kwenye gari la mashindano ilikuwa bado changa sehemu nyingi. Katika mbio kubwa za Ulaya magari yalivaa rangi za nchi zao: kijani cha Uingereza, nyekundu ya Italia, buluu ya Ufaransa. Ruhusa ya kuuza nafasi kwenye gari kwa wafanyabiashara ilikuja 1968, na mwaka huohuo timu ya Lotus ikatokea na rangi za sigara za Gold Leaf. Huku kwetu rali ya Safari ilikuwa ikikimbiwa tangu 1953. Shekhar Mehta, aliyeishinda mara 5 kati ya 1973 na 1982, aliendesha Datsun. Lakini nyuma ya magari ya timu za viwanda palikuwa na foleni ndefu ya watu waliojigharamia wenyewe, na hao walikuwa na mfano wa kuwatia moyo: Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, nduguye Jaswant akiwa kando yake.

Wateja wa Ami walikuwa wa foleni hiyo. Mwenye gereji, karani wa bandarini, mtoto wa mwenye duka aliyeazima gari la baba yake. Katika miaka ya 1970 njia ya Safari iliteremka hadi Mombasa mara kadhaa, na kila kijana aliyesimama barabarani kuona magari yakiingia kisiwani alirudi nyumbani akiwaza lake.

Safari ilikuwa ya Pasaka, na Pasaka Pwani huangukia pale masika yanapobisha hodi. Rangi ya mafuta na unyevu haviishi nyumba moja. Basi kazi ilifanywa usiku, gari likiwa limeingizwa chini ya paa, taa ya kandili upande huu na balbu ya waya mrefu upande ule. Kwanza mlango ulisuguliwa kwa msasa laini, ukafutwa kwa kitambaa chenye petroli kidogo. Uzi uliopakwa chaki ulivutwa kutoka bawaba hadi kitasa, ukafyatuliwa mara moja, ukaacha mstari mweupe. Ami aliegemeza mkono wa kulia juu ya fimbo iliyofungwa kitambaa nchani, akavuta herufi ya kwanza kwa pumzi moja. Kazi ngumu ilikuwa pale mfinyo wa bati unapokata jina katikati. Hapo herufi ilibidi ipandishwe unywele mmoja, ama jina zima lionekane limevunjika.

Malipo yalikuwa madogo, na mara nyingi hayakuwa pesa. Mdhamini mmoja alitoa matairi mawili, mwingine pipa la mafuta, wa tatu siku tatu za fundi wake. Ukubwa wa herufi ulifuata uzito wa mchango, na mkataba wote ulikuwa kumbukumbu ya dereva na kipimo cha rula ya Ami. Hata hivyo alikuwa na sharti moja: hakuna jina litakaloandikwa dogo kiasi cha kutosomeka na mtu aliyesimama ukingo wa barabara. Mwoka mikate alipata herufi za urefu wa vidole vitatu. Mchango wake haukufikia hapo, lakini angekuwa barabarani siku hiyo, na watoto wake pia.

Kuna kosa ambalo halijamtoka moyoni. Usiku mmoja aliruka herufi katika jina la mdhamini, gari likaondoka alfajiri, na mwenye jina akaliona likipita mbele ya watu wote. Mtu yule hakusema neno, ila hakudhamini tena. Tangu siku ile Ami huandika kila jina kwanza kwenye karatasi, akampa mwenye nalo alisome kwa sauti.

Mwaka 2002 Safari ilikimbiwa kwa mara ya mwisho kama raundi ya ubingwa wa dunia, na karibu na wakati huo plota ya kukata stika ilikuwa imeshafika mjini. Watu wengi hudhani ndiyo iliyoua brashi. Ukweli ni kwamba brashi ilipigwa kutoka pande nyingi. Februari 2004 matatu zililazimishwa kuvaa mstari wa manjano, michoro ikafutwa, na waandishi wengi wa brashi wakapoteza kazi iliyowalisha kila wiki. Sheria ya udhibiti wa tumbaku ya 2007 ikafunga udhamini wa sigara, uliokuwa umeipamba michezo ya magari kwa miongo. Halafu 2018 serikali ya kaunti ikaagiza majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu, matangazo ya ukutani yakaondoka. Aliyekuwa akiishi kwa kuandika ukuta, matatu na gari la mashindano alibaki na mguu mmoja wa kusimamia.

Ami alisimama juu ya huo mmoja. Mpwa wake alinunua plota ndogo na kompyuta ya mitumba, naye mzee akajifunza upya. Stika nayo ina ufundi wake. Mlango huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, hunyunyiziwa maji yenye tone la sabuni, stika hulazwa ikiwa bado yaelea, kisha maji husukumwa nje kwa kadi ya plastiki kutoka katikati kwenda pembeni. Kiputo cha hewa kikibaki, hutobolewa kwa pini na kupashwa moto kwa mashine ya kukaushia nywele. Stika ya bei rahisi hutengenezwa kwa plastiki iliyovutwa ikawa bapa, na jua la Mombasa likiipiga hutaka kurudi ilikotoka: husinyaa, kingo zikainuka, chumvi ikaingia. Ile ya kumiminwa ni nyembamba zaidi na hukumbatia mkunjo wa boneti, ila bei yake humfanya dereva wa mfuko mdogo apige hesabu mara mbili. Ami humshauri anunue kipande tu cha ile nzuri kwa ajili ya boneti na bampa, milangoni atumie ya kawaida.

Nafasi pia imepungua. Kanuni za kimataifa za rali huweka kibao cha namba cha sentimita 67 kwa 17 kwenye kila mlango wa mbele, na majina ya madereva kwenye kioo cha nyuma pembeni, meupe, ya urefu wa sentimita 6. Mashindano yanayofuata kanuni hizo humwachia mdhamini mdogo kinachobaki.

Na hapa ndipo pameharibika kitu. Kijana huja jioni ya mwisho, gari lingali na matope. "Ami, alfajiri twaondoka," asema, kisha anatuma nembo kumi na tatu kwa simu, nyingi zimefifia kiasi kwamba zikikuzwa huwa ukungu. Kompyuta huzipanga zote safu moja, kila moja ukubwa wa kiberiti, na hakuna asomaye hata moja. Plota si ya kulaumiwa kwa hilo, kwani inaweza kukata herufi safi kuliko mkono wowote. Kilichopotea ni ile hatua ya kurudi nyuma, kutazama, na kuamua nani asomeke. Mdhamini aliyetoa matairi mawili ya mtumba ametoa kingi kuliko benki iliyotoa bango, na kumfanya nukta ni kumdhulumu.

Rali ya magari ya zamani, East African Safari Classic, ilipoanza 2003 na kupita Pwani mara kwa mara, iliwarudishia watu hamu ya Datsun, Escort na Peugeot za ujana wao. Safari yenyewe ilirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, huko Naivasha. Sasa magari yaliyooza nyuma ya nyumba yanafufuliwa, nayo hupigwa msasa mpaka kwenye bati kabla ya kupakwa rangi mpya inayong'aa. Katika rangi ya zamani inayosuguliwa mna majina ya maduka yaliyofungwa na watu waliokwisha kufa, na kwa wengi wao hakuna mahali pengine yalipoandikwa kwamba waliwahi kusaidia gari likakimbia. Ewe unayefufua gari la namna hiyo, Mombasa au kwingineko, kabla ya msasa kugusa mlango, upige picha kwanza, na umwonyeshe mzee wa mtaa akusomee majina.