Kimali: Pamba imeuzwa, karata zinagawiwa

Kimali ni kata ya Meatu, mkoani Simiyu, nchi ya Wasukuma na pamba. Pamba huvunwa mara moja kwa mwaka, na mshiko nao huja mara moja. Mizani ikishapima, kijiwe kinaita.

Arobastini unaijua. Pokeri je? Karata 52, kila mtu anapewa tano. Mnaweka dau, mnabadilisha mbovu, mnaweka tena. Jozi inapigwa na jozi mbili, jozi mbili na tatu za namba moja. Kopa tupu tano? Hapo unatisha! Zamu yako ikifika unafuata dau, unapandisha, au unatupa karata. Wenzako wote wakitupa, unazoa hela zote hata kama umeshika uchafu. Kumbe mnasomana sura!

Ila dau likishaingia kati si lako tena. Wengi huliwa kwa kulifukuzia. Anayetupa mapema ndiye anayerudi na hela ya bati. Tena sheria ya mwaka 2003 inataka kamari iwe na leseni, na mchezaji awe ametimiza miaka 18. Kijiweni leseni iko wapi? Jifunzeni kwa mbegu za pamba, washikaji. Zikiliwa, hakuna anayelala njaa.