Mapanki na Silaha

Sinema ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, ilitugawa sisi watu wa Mwanza. Ulaya waliipa tuzo. Huku, mwaka 2006, Rais Kikwete aliilaani na watu wakaandamana. Waliokasirika walisema imetudhalilisha. Wengine waliuliza kwa sauti ya chini: kwani mapanki hatuyali? Tuliyala. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, vichwa na mifupa vikabaki kwetu, vikakaangwa. Hapo Sauper hakutuzulia. Lakini zile ndege kuleta silaha? Watu wanasimulia tu. Bunduki yenyewe haionekani ikishushwa. Ingekuwa mtihani, swali la samaki ningempa alama zote. La silaha ningemrudishia daftari, aonyeshe njia.