Mvinyo Ambao Sijawahi Kuonja

Kazi iliingia saa nne usiku, stima ikiwa imerudi kwa mara ya tatu. Maneno 900, shilingi moja kwa neno: mvinyo mweupe mkavu wa Muscat na vyakula vya kuliwa nao. Mteja yuko Uingereza. Mimi niko Garissa, Bula Iftin, na sijawahi kuonja mvinyo maishani mwangu.

Tangu niache chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, hivi ndivyo ninavyoishi. Nimeandika juu ya matairi ya theluji na bima ya paka. Theluji pia sijaiona, lakini theluji haina dhambi.

Basi nikaanza kusoma. Mwanzoni nilidhani ni Maskati ile ya Oman. Kumbe ni ukoo wa zabibu, na wengi husema jina lake limetoka kwa miski. Miski naijua mimi. Imejaa kwenye nguo za Ijumaa. Zabibu nyingi zikishageuka mvinyo hupoteza harufu yake, lakini Muscat hubaki ikinukia zabibu yenyewe. Na "mkavu" maana yake ni kwamba sukari karibu yote imegeuka kileo. Yaani pua inaahidiwa utamu, ulimi unafika na kuukosa. Watu wa Alsace, Ufaransa, huunywa na asparagasi. Wengine na samaki, jibini la mbuzi, au vyakula vya Asia vyenye viungo.

Kuonja sikuweza, ila mantiki niliielewa, kwa sababu nimekulia ndani yake. Kwetu wali na nyama ya mbuzi huja na ndizi mbivu pembeni. Unauma ndizi, unachota wali, na utamu unatuliza pilipili. Susa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka, hukata mafuta ya nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa samli. Maziwa mabichi nayo yananukia moshi kabla hayajafika mdomoni, maana chombo chake kilifukizwa kwa kijinga cha moto. Ayeyo alinifundisha kunusa kwanza, ndipo ninywe. Nikayaandika hayo yote. Majina tu ndiyo niliyobadilisha.

Asubuhi mjomba akapita kunywa chai.

"Abti," akaniita, maana kwetu mjomba humwita mpwa kwa jina lile lile analoitwa yeye, "siku hizi unaandika nini?"

Nikamwambia ukweli. Hakunifokea. Alinikumbusha tu hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe: anayeikamua, anayeibeba, anayeimimina, anayeiuza... Nikawa nahesabu kwa vidole nikimtafuta mwandishi. Hayumo. Nikataka kufurahi.

"Lakini yumo anayekula thamani yake," akasema, akamalizia chai.

Pesa ziliingia Ijumaa. Hooyo alikuwa amemaliza dawa zake za presha tangu Jumatano, na alikuwa ananiambia kichwa kinamuuma kwa sababu ya jua. Nilisimama nje ya duka la dawa, simu mkononi, mpaka watu watatu waliokuja nyuma yangu wakahudumiwa wakaondoka. Kisha nikaingia, nikalipa. Hooyo aliniombea dua ndefu, baraka juu ya baraka kwa kazi ya mikono yangu. Niliitikia amina nikiangalia sakafu.

Jumapili mteja akaandika. Ati makala inasomeka kama ya mtu aliyeunywa mvinyo huo miaka mingi. Anataka nyingine kumi, zote za mvinyo, bei ile ile. Hiyo ni shilingi 9,000, na dawa za hooyo ni za kila mwezi.

Nilimjibu kwamba ningependa kumwandikia juu ya susa na nyirinyiri. Bado hajajibu. Na ule ujumbe wake wa makala kumi, sijaukataa na sijaufuta.