Magofu ya Piranesi na Mashaka ya Msomaji wa Tungo

Johann Wolfgang von Goethe aliwasili Roma mwezi wa Oktoba mwaka 1786 akiwa tayari anaijua. Utotoni mwake, kule Frankfurt, baba yake alikuwa ametundika michoro ya mji huo ukumbini, naye mtoto alikua akiitazama kila apitapo. Baadaye aliijua pia michoro ya Giovanni Battista Piranesi. Hatimaye aliposimama mbele ya magofu ya hamamu za Caracalla, macho yake hayakukinai. Aliandika, kwa kejeli nyepesi isiyo na chuki, kwamba Piranesi alikuwa amewasimulia watu ngano nyingi tamu kuhusu kuta zile. Jiwe lilikuwa limeshindwa na picha yake.

Kisa hiki kimenishughulisha kwa muda wa miaka miwili sasa. Huenda msomaji akashangaa ni kwa nini mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili anajitia katika mambo ya wachoraji wa Italia. Sababu nitaieleza mbele. Kwa sasa yatosha kusema kuwa nimelazimika kukabiliana na swali lile lile lililomkabili Goethe: je, msanii anayeyakuza magofu anasema kweli au anadanganya? Na iwapo anayafanya yote mawili katika mchoro mmoja, sisi wasomaji tutapambanua vipi?

Piranesi alizaliwa mwaka 1720 karibu na Venice, mwana wa fundi mwashi. Alifunzwa usanifu wa majengo na mjomba wake, akajifunza pia namna ya kuchora mandhari ya jukwaa la michezo ya kuigiza, jambo ambalo naliona kuwa ufunguo wa kazi zake zote. Mwaka 1740 alifika Roma. Katika michoro yake alijiita msanifu majengo wa Venice, na jina hilo hakulitupa hadi kufa kwake mwaka 1778, ilhali jengo la pekee alilolisimamia hadi likakamilika ni kanisa dogo la Santa Maria del Priorato, katika kilima cha Aventino, kati ya miaka ya 1764 na 1766. Humo ndimo alimozikwa. Majengo yake mengine yote aliyajenga kwa wino.

Na wino wenyewe haukuwa kazi rahisi. Bamba la shaba hupakwa nta, mchoraji akachora juu yake kwa sindano hadi shaba ikaonekana, kisha bamba likatiwa katika tindikali. Tindikali hula pale tu palipochorwa. Piranesi alikuwa na mazoea ya kulirudisha bamba kwenye tindikali mara kadhaa, akiifunika mistari aliyotaka ibaki miembamba kama unywele na kuiacha ile aliyotaka ichimbike. Ndiyo maana vivuli vyake vina kina cha kutisha: mtazamaji anahisi kuwa akiunyosha mkono utapotelea ndani ya tao. Katika mfululizo wake wa mandhari za Roma, aliouanza mwishoni mwa miaka ya 1740 na kuuendeleza hadi mwisho wa uhai wake, kuna mabamba 135. Mengi ya mabamba hayo yana upana wa zaidi ya nusu mita. Wanunuzi wake walikuwa wasafiri matajiri, hasa Waingereza, waliozuru Italia kukamilisha elimu yao na wakataka kitu cha kurudi nacho nyumbani.

Hila zake hazifichiki kwa mtu anayetazama kwa utulivu. Humweka mtazamaji chini, karibu na ardhi, ili nguzo ziinuke juu ya kichwa chake. Aghalabu hulipinda jengo liende mshazari, upande mmoja ukaribie na mwingine ukimbie mbali. Aidha huwatia ndani watu wadogo mno, wadogo kuliko inavyostahiki, wakiwa wamevaa matambara na kunyoosha mikono hewani. Mtu akiwa mdogo, ukuta huwa mlima. Hii ni chuku iliyochorwa, na mwenye kuijua balagha ya ushairi hataona ugumu wa kuitambua. Katika kitabu chake cha mwaka 1756 kuhusu mambo ya kale ya Roma, chenye juzuu nne na mabamba zaidi ya 200, aliichora misingi ya kaburi la Kaisari Hadrian, jengo linaloitwa leo Castel Sant'Angelo. Mawe yake yamekuwa makubwa kana kwamba yalipangwa na majitu. Sehemu hiyo ilikuwa imefunikwa na ardhi. Kwa hiyo alichokichora ni imani yake kuhusu Warumi walivyokuwa.

Hata hivyo, atakayemtupa kando kwa sababu hiyo atakuwa amejinyima mengi. Kitabu hicho hicho kina ramani, vipimo, mikato ya kuta na maelezo ya namna mawe yalivyoshikanishwa kwa vyuma. Chini ya michoro mingi mna herufi, A, B, C, na kila herufi imefafanuliwa: hili ni hekalu fulani, huu ni mfereji, hapa palikuwa na sakafu. Tukilitazama tao la Septimius Severus alilolichora, tunaliona limezama katika udongo. Mchoro huu hauzui jambo. Tao hilo lilikuwa hivyo kweli hadi lilipofukuliwa mwanzoni mwa karne ya 19. Uwanja wote ule wa baraza kuu la Warumi ulikuwa malisho, na wenyeji waliuita Campo Vaccino, yaani uwanja wa ng'ombe. Piranesi aliwachora ng'ombe hao. Kwa hivyo, mtu anayetaka kujua udongo ulifika wapi, nguzo ipi ilikuwa ingali imesimama, na nyumba gani za maskini zilikuwa zimeegemezwa kwenye kuta za kale kabla ya kubomolewa, hana budi kumrejelea mtu huyu huyu ambaye Goethe alimwona kuwa mtunga ngano.

Nikiri kwamba mimi huvutiwa zaidi na wale watu wadogo kuliko nguzo. Wanalala juu ya vipande vya sanamu, wanagombana, wanachunga. Katika michoro niliyoipitia, herufi za ufafanuzi hubandikwa kwenye mawe. Wachungaji hawapewi hata moja. Msafiri wa Kiingereza aliyeununua mchoro alilipata jina la kila hekalu, akarudi kwao bila kujua jina la yeyote aliyekuwa akiishi kivulini mwake.

Kuna shahidi wa namna nyingine. Mwaka 1674, mchoraji aliyekuwa katika msafara wa balozi wa Ufaransa, ambaye wengi humtaja kuwa Jacques Carrey, alizichora sanamu za hekalu la Parthenon kule Athens. Si michoro ya kustaajabisha. Ni ya haraka, na pengine mtu angeipita bila kugeuka. Lakini mwaka 1687 jeshi la Venice liliushambulia mji huo kwa mizinga, baruti iliyohifadhiwa hekaluni ikalipuka, na sanamu nyingi zikavunjika. Tangu hapo, wataalamu wanaotaka kujua zilivyopangwa hurudi kwenye mistari ile ya kalamu. Baadaye Waingereza wawili, James Stuart na Nicholas Revett, walifika Athens mwaka 1751 wakiwa na kamba na vipimo, na juzuu yao ya kwanza ikatoka mwaka 1762. Wao walijigamba kwa usahihi. Piranesi, aliyekuwa akishikilia kwa hasira kwamba Warumi hawakuwa na deni kwa Wagiriki, alikuwa ametoa mwaka 1761 kitabu kizima cha kuutetea utukufu wa Roma.

Hubert Robert ni mtu wa tabia tofauti. Mfaransa huyu aliishi Italia kwa takriban miaka 11, tangu 1754 hadi 1765, akarudi Paris na umaarufu wa magofu hata akaitwa Robert wa Magofu. Denis Diderot alipoziona picha zake katika maonyesho ya mwaka 1767, alizisifu kisha akamkemea: watu wamezidi! Alimtaka awaondoe wengi wao, kwa maana gofu huhitaji upweke ili limkumbushe mtazamaji kwamba kila kitu hupita. Robert mwenyewe alionja ukweli huo pale alipotiwa gerezani wakati wa Mapinduzi. Aliponea. Mwaka 1796 alionyesha picha mbili za ukumbi mkubwa wa Louvre, jumba ambalo yeye alikuwa mmoja wa watunzaji wake. Ya kwanza ilionyesha ukumbi utakavyotengenezwa, wenye mwanga kutoka darini. Ya pili ilionyesha ukumbi huo huo ukiwa gofu: dari limeporomoka, mbingu inaonekana, na katikati ya vifusi kijana ameketi akiichora sanamu ya Apollo iliyosalimika. Jengo lilikuwa lingali limesimama, na bado limesimama.

Hapa ndipo sababu yangu inapojitokeza. Tasnifu yangu inahusu Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambao wasomi wengi huuweka mwanzoni mwa karne ya 19. Siku nilipoliwasilisha pendekezo langu la utafiti, mmoja wa wanajopo alinikatiza na kusema kuwa sura yangu ya tatu haina mashiko. Hoja yake ilikuwa kwamba mshairi alitia chumvi: majumba ya Pate hayakung'aa vile, taa hazikuwa nyingi vile, na kwamba mwenye kuomboleza hukipamba kilichopotea. Nirudi, aliniambia, nikiwa na historia. Wenzangu wawili walitikisa vichwa kukubali. Pendekezo liliahirishwa kwa muhula mzima, na ada ya muhula huo nililipa kwa kufundisha jioni.

Sikuwa na ugomvi na hoja ya chumvi. Nilikuwa na ugomvi na hitimisho. Mtu akisema kwamba Piranesi aliikuza misingi ya kaburi la Hadrian, amesema kweli. Akiongeza kwamba kwa hiyo hata ule udongo uliolizika tao ni uongo, amekosea. Ndani ya mchoro mmoja kuna mambo ya namna mbili, na kila moja lahitaji kuulizwa peke yake. Vivyo hivyo kwa utungo. Idadi ya taa siwezi kuihesabu wala sidhani mshairi alitaka ihesabiwe. Lakini zidaka, yale matundu yaliyopangwa ukutani na kuwekewa vyombo vya Kichina, ambamo mshairi anatuonyesha makinda ya ndege yakilala, hizo ni habari nyingine.

Nilisafiri hadi Pate wakati wa likizo. Mashua kutoka Lamu ilitufikisha Mtangawanda, na kutoka hapo tukaenda kwa miguu. Magofu ya mji wa kale yanapakana na mji unaokaliwa leo, na kati ya kuta watu hulima tumbaku. Nilisimama mbele ya ukuta wenye zidaka, lipu yake ingali imeshika mahali mahali, na miche ya tumbaku ikinifika magotini. Vigae vya vyombo vya Kichina vimepatikana katika kisiwa hiki na wanaakiolojia wameandika juu yake. Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta nyumba zilizotajwa katika Inkishafi. Akanyoosha jembe kuelekea pande zote, akaendelea na kazi yake. Nilimfikiria papo hapo Piranesi, ambaye asingeacha kumchora mzee yule, mdogo, mkono hewani, bila herufi.

Tofauti moja siwezi kuipita. Piranesi aliyatazama magofu ya watu waliotoweka miaka elfu na zaidi kabla yake. Robert alilibuni gofu kutokana na jengo zima. Sayyid Abdalla aliusemesha moyo wake kuhusu nyumba za watu ambao majina yao aliyajua, na baadhi walikuwa wa ukoo wake. Diderot angemwomba awaondoe watu waliozidi. Nadhani asingeelewana naye hata kidogo, kwani katika utungo huo watu ndio waliokwisha kuondoka, na mshairi anawauliza wako wapi.

Mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, yaani 1777, Piranesi, akiwa tayari anaugua, alisafiri kusini hadi Paestum kuyachora mahekalu matatu ya Wagiriki, wale wale aliokuwa amewabeza kwa miaka mingi. Michoro 15 ya safari hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Sir John Soane, London, na mabamba yake yalitolewa mwaka 1778, mwanawe Francesco akiyamalizia. Nimezitazama nakala zake mara nyingi. Nguzo ni fupi, nene, zimechakaa, na hazikimbilii juu. Ng'ombe wamejipumzisha ndani ya hekalu na wachungaji wameegemea mawe, na kwa mara hii kimo chao karibu kinalingana na cha watu. Mchoro mmojawapo nimeuomba uingizwe katika viambatisho vya tasnifu, kando ya picha niliyoipiga ya zidaka za Pate, na jopo litaketi tena mwezi ujao.