Njia ya Jirani

Mwalimu wa jiografia alipotueleza kwamba Rwanda haina pwani, wenzangu waliandika tu madaftarini. Mimi nilicheka kidogo, maana niliona boma letu.

Shamba letu hapa Runyenjes liko katikati ya mashamba ya majirani wawili, wala haligusi barabara popote. Nayo kahawa ikichumwa sharti ifike kiwandani siku iyo hiyo. Mwaka juzi majirani hao wote waliwania kiti cha kamati ya kiwanda. Baba akampigia debe yule wa juu, tena hadharani. Yule wa chini akashinda. Kesho yake, lo! kilango tulichopitia tangu enzi za babu kilikuwa na kufuli. Tulizunguka na magunia kwa jirani wa juu, mlima mtupu, tukafika mizani imefungwa. Kahawa ile tuliianika ikawa mbuni, na bei ya mbuni mnaijua.

Sasa itazame Rwanda. Mizigo yake ina njia mbili kubwa: ya Mombasa kupitia Uganda, na ya Dar es Salaam kupitia Rusumo. Ghasia za uchaguzi zilipozuka hapa Kenya, mapema mwaka 2008 mafuta yaliadimika hadi Kigali, na watu wa huko hawakupiga kura kwetu! Mwaka 2019 Rwanda ilikosana na Uganda, mpaka wa Gatuna ukafungwa Februari. Marais wao walitia saini mapatano kule Luanda, Angola, mwezi wa Agosti, lakini Gatuna haikufunguliwa hadi Januari 31, 2022. Hata kwetu wazee walikuja, wakanywa chai, kufuli ikabaki palepale.

Wachuuzi wa mpakani waliumia sana, hilo silifichi. Lakini malori yaliendelea kuingia Rusumo, ambako daraja jipya lilikuwa limezinduliwa mwaka 2016. Wako wanaosema kwamba mdogo anyamaze tu mbele ya wakubwa. Sikubaliani nao. Rwanda haikunyamaza, ila ilikuwa na mlango wa pili wa kupitisha lori. Baba alisema kwanza, milango akahesabu baadaye.

Kufuli iliondolewa hatimaye, baada ya mama kwenda kule mara nyingi bila baba kujua. Mwaka huu majirani wote wawili wanawania tena. Juzi jioni mama alimwuliza baba atampigia nani kura. Baba alisema kura ni siri, akaomba chumvi.