Msitu Mdogo wa Kinondo

Wageni wengi wanaofika pwani ya Kenya hukimbilia bahari. Leo twawaongoza penye kivuli, kando ya bahari hiyo hiyo.

Kutoka Mombasa twavuka maji ya Likoni kwa kivuko, kisha twashika njia ya kusini mpaka Diani. Mchanga wa hapo ni mweupe kama unga, na mahoteli yamepangana mbele yake. Juu ya barabara zimetundikwa ngazi za kamba. Ndizo daraja za mbega, kima weusi wenye manyoya meupe mabegani, wapate kuvuka bila kugongwa na motokari. Mbele kidogo twafika Kaya Kinondo.

Msitu huu ni hektari 30 tu. Kaya maana yake ni mji. Zamani Wadigo, mojawapo ya makabila tisa ya Mijikenda, walikaa katikati ya msitu, miti ikawaficha adui zao. Baadaye watu walihama, lakini wazee hawakuacha kuulinda.

Kabla ya kuingia twajifunga shuka nyeusi, na kiongozi atupa masharti: tusikate tawi, tusiokote hata jani, tusipige kelele. Hatua chache tu, na jua kali limebaki nyuma yetu. Miti mirefu imesukwa na mitambaazi minene kama mapaja ya mtu.

Masharti hayo yamefanya kazi kuliko ua wa seng'enge. Ardhi iliyo karibu na bahari ina wanunuzi wengi, na misitu mingi ya pwani imemezwa na shoka. Mwaka 1992 serikali iliandika Kinondo kuwa mahali pa ukumbusho wa taifa. Mwaka 2008 UNESCO iliitia pamoja na kaya nyingine katika urithi wa dunia. Hata hivyo karatasi hailali msituni; mlinzi wa kweli ni mwenyeji.

Mwenye siku ya pili apande vilima vya Shimba. Huko ataona palahala, ambao katika Kenya nzima wamebaki hapo tu, na maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha zaidi ya mita 20.

Nasi wa Kongo? Twajua bei ya gunia la makala, lakini umri wa mti uliochomwa hatuuliza. Labda kijijini kwenu kimebaki kichaka ambacho babu alikataza kisikatwe. Mwulizeni sababu, angali hai.