Tulirudi Kipushi na Tochi Iliyokufa

Wengi wenu mlituona Jumapili tukipanda basi na kamera iliyofungwa kwenye tochi kwa waya, mkacheka sana. Mlikuwa na haki ya kucheka. Leo tunawaeleza sababu.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, tulikwenda Kipushi kuwapiga foto wamama wazee walioanza chama pamoja nasi. Usiku kabla ya safari kuran ilikatika. Umeme wetu unatoka mbali, kwenye mabwawa ya mito Lufira na Lualaba, kama Mwadingusha na Nseke, na migodi nayo inauhitaji. Tumezoea. Tuliwasha mshumaa, tukapika bukari juu ya mbabula, tukalala. Lakini betri ndogo za kamera hazikupata moto wa kutosha.

Kule Kipushi kamera ilipiga foto 9, ikafunga jicho. Tukanunua betri mbili ndogo dukani, zikatoa foto 4 tu. Mama wa mwisho kwenye mstari alikuwa amekwenda nyumbani kubadili kikwembe, na aliporudi amependeza hatukuwa na kitu cha kumpigia. Akasema, "Si neno, wanangu, mtarudi."

Hatukurudi upesi. Mwezi wa pili alifariki. Kwenye kilio tulikuta foto yake imewekwa juu ya sanduku: ni ile ndogo ya kadi ya uchaguzi, imekuzwa mpaka uso umekuwa kama ukungu. Wajukuu waliitazama bila kumtambua bibi yao. Tulikaa kimya kwenye mkeka, na kila mmoja wetu alijua anachowaza mwenzake.

Tulipotoka kilioni tulimwendea kijana mmoja anayetengeneza redio karibu na soko la Kenya. Tulimwuliza kwa nini betri mpya inakufa upesi hivyo. Alisema kamera inavuta nguvu nyingi kwa mara moja, hasa taa yake inapomulika, na betri ndogo haina akiba. Betri kubwa ya tochi ina nguvu ya volti moja na nusu, sawasawa na ile ndogo, lakini akiba yake ni kubwa mara kadhaa. Ni kama ndoo na kikombe: maji ni yaleyale.

Basi tulitengeneza hivi. Tulichukua tochi ya plastiki iliyokufa balbu, inayobeba betri kubwa mbili. Waya mmoja tuliutoa mahali pa balbu, hapo ndipo penye chanya, na mwingine tuliutoa kwenye springi ya nyuma, penye hasi. Kisha tulichonga vijiti viwili vya mti, kila kimoja sentimita tano, unene sawa na betri ndogo. Kwenye ncha moja ya kila kijiti tuliingiza skrubu, na waya ukakazwa chini ya kichwa chake. Vijiti vikaingia ndani ya kamera mahali pa betri, skrubu zikigusa vile vyuma vya ndani: waya wa chanya kwenye alama ya kujumlisha, wa hasi kwenye alama ya kutoa. Tulikata pengo dogo kwenye kifuniko ili waya zipite. Waya ziwe nene na fupi, maana nyembamba na ndefu hupoteza nguvu njiani.

Hii inafaa kwa kamera inayotumia betri ndogo mbili tu. Ukizidisha betri utaiunguza. Ukigeuza chanya na hasi, utaiua pia. Kijana alituonya tena: msichanganye betri mpya na kuukuu, msiache waya mbili zigusane ndani ya mfuko, na msijaribu kufungua betri za telefoni au za kompyuta, kwa sababu zinaweza kuwaka moto. Betri ndogo ziwe mbali na watoto, wanaziweka kinywani.

Jumapili tulirudi. Tuliacha nyuma bomba refu la kiwanda na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba ambao kila mtoto wa Lubumbashi anauchora shuleni. Ni kilomita kama 30 mpaka Kipushi, mpakani na Zambia. Mgodi wa pale ulisimama mwaka 1993, na miaka mingi wamama waliishi kwa mashamba, makala na biashara ndogo. Mwaka 2024 ulianza kutoa zinki tena. Mama mmoja, mjane wa mchimbaji, aliishika tochi yetu akauliza ndani mna nini. Tukamwambia: ndani ya betri za tochi mna zinki, madini yaleyale aliyokuwa akichimba mume wake. Alicheka, akasema, "Kumbe tulikuwa tunachimba foto!"

Tuliwapiga wamama 23, mmoja mmoja, wamekaa kwenye kiti kivulini mwa mwembe. Hatukuwaharakisha. Aliyetaka kubadili kikwembe alikwenda, tukamngojea. Foto 61 zilitoka, na betri bado zilikuwa na nguvu. Binti wa yule marehemu alikuwapo. Alikaa mahali ambapo mama yake angekaa, akaomba tumpige pamoja na watoto wake wote, "ili wao wasije wakanikosa."

Foto zitatolewa kwenye karatasi juma lijalo, na kila mama atapata yake. Tusiziache ndani ya kamera tu, kwa sababu kamera huibwa na telefoni huanguka majini.

Tochi yetu iko kwa mweka hazina. Kikundi chochote kinaweza kuiazima, mradi mlete betri zenu mbili na mrudishe vijiti. Lakini hata bila tochi, wamama, nendeni leo kwa mzee aliye jirani yenu. Msimwambie mtarudi.